Mchikichi Haukukaa Eda

Juzi mmoja wenu, walimu vijana wa fasihi, alikuja kukaa hapa kwenye mkeka wangu na neno refu kuliko foleni ya petroli. Alisema siku hizi kuna namna ya kuhakiki mashairi ya kisasa inayoitwa ufeministi wa mazingira: unatazama mshairi amemweka wapi mwanamke, ameiweka wapi ardhi, na kwa nini kila mara anawaweka pamoja. Alinieleza polepole, kwa huruma, kama mtu anayemvusha kizee barabara. Nikamwacha amalize, halafu nikamuuliza kama amekunywa chai.

Sikumcheka. Neno ni zuri na ningefurahi kama ningelipata mapema. Ila kazi yenyewe naijua, wanangu. Tuliifanya hapa Rumonge tangu kabla ya uhuru, na hatukuwa na jina lake. Tuliiita kusoma vizuri, basi. Kwa kuwa mmeniomba niwaambie tulivyoifanya, kaeni, na yule mwenye simu inayolia aizime.

Kwa msionijua, mimi nilianza kama monitrisi, mwalimu wa kina mama, katika ile nyumba ya mafunzo ya wanawake tuliyoiita foyer. Asubuhi walishona na kupika, alasiri nikawafundisha kusoma. Baadaye nilisomea zaidi, nikafundisha fasihi sekondari mpaka nywele zikaisha rangi, lakini mjini hapa bado naitwa Monitrisi. Hata muuza maandazi ananiita hivyo, na nadhani anadhani ndilo jina nililopewa na baba yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Salma. Watu wake walikuwa Waarabu wa Omani wenye duka la vitambaa Bujumbura, enzi hizo bado ikiitwa Usumbura, naye aliolewa huku. Alikuwa na mashairi kichwani kuliko vitambaa dukani kwa baba yake. Alikuwa pia na mdomo. Siku yangu ya kwanza nilisoma shairi mbele ya darasa kwa sauti ya kutetemeka, ile sauti ya redio, macho juu. Nilipomaliza akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Somo lake kubwa lilikuwa moja. Mkishasoma shairi kwa sauti, alisema, funikeni majina yote mazuri kwa kiganja, acheni vitenzi peke yake. Kisha ulizeni: humu ndani nani anafanya kazi, na nani anatazama? Mtashangaa. Utakuta mwanamke ametajwa beti nzima, ana shingo, ana macho, ana mwendo, lakini hana kitenzi hata kimoja cha kwake. Utakuta ziwa nalo ni hivyo hivyo, limelala tu, linang'aa, linangoja. Mkiwakuta hao wawili wamelala pamoja hivyo, alisema, mtafuteni aliyesimama.

Na jambo la pili: usisome shairi la kitu mbali na kitu chenyewe. Shairi la ziwa lisomeni mkinusa ziwa. Hili nililijua kwa aibu. Walinituma Minago kufundisha kina mama wanaoanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, mchangani, nikabeba shairi nililolipenda sana, la ziwa lililo bibi-arusi. Amejilaza, shela yake ukungu, anamngoja mvuvi wake alfajiri. Nilisoma mpaka nikajisikia mwenyewe. Halafu mama mmoja, mikono imejaa magamba ya samaki, akainua kidole kwa adabu.

"Monitrisi, uyu bibi-arusi wa ziwa, iko ananuka ndagala ao haiko?"

Walivunjika mbavu. Mwingine akadakia, "Na iyo shela, nani alimufulia?" Nikagonga ubao, nikawaambia ushairi si mzaha, nikazidi kuchekwa. Jioni nilimsimulia Bi Salma nikitegemea anionee huruma. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema wale wamekwisha kuhakiki, kilichobaki ni wewe kuwaandikia ubaoni.

Ninyi mnadhani mnawapelekea watu uhakiki. Nendeni na masikio. Mwanamke anayechota maji ziwani kila siku hawezi kudanganywa juu ya ziwa, na hilo halitokani na kusoma wala kutosoma. Ni kwamba mgongo wake uko pale.

Msije pia mkawa kama mwalimu mmoja kijana niliyemkagua zamani, aliyeona kila mlinganisho wa mwanamke na mto ni dhambi, akaufuta kwa wino mwekundu. Hapana. Mwanafunzi wangu mmoja wa Kabezi aliwahi kutunga akisema yeye ni ziwa, mnachota, mnafua, mnavua, na mmesahau kwamba lina kina. Huyo amejiita ziwa mwenyewe, na ziwa lake lina dhoruba. Ukimfuta huyo umemnyamazisha mara ya pili. Uliza nani anasema, na anapata nini kwa kusema hivyo.

Sasa niwaambie habari ya Zaina, maana ndiyo mliyoijia hata kama hamkujua.

Nilimfahamu Zaina akiwa msichana mdogo, mwaka wa uhuru. Shule zilitakiwa kuandaa mashairi ya sherehe, na kila shule ilikuja na lile lile: Nchi ni mama, sisi ni wanawe, tumenyonya titi lake. Sisi tukataka kuwazidi wengine, tukaamua kumweka Nchi mwenyewe juu ya lori. Zaina alichaguliwa kwa sababu alikuwa mrefu. Tukamvisha majani, tukamtwika kichwani kikapu cha ndizi, mihogo na kichane cha ngazi, yaani matunda ya mchikichi, tukamwambia asitikisike. Wavulana wakazunguka lori wakikariri. Hotuba zikawa ndefu, jua likapanda. Beti za katikati, zile za Mama usiyechoka, Zaina akaenda chini na kikapu chake, puu. Na mnajua? Wavulana waliendelea kukariri. Walikuwa wamefundishwa wasisimame kwa lolote. Bi Salma alikuwa amekwisha kupanda lori na maji, anamfungua majani kifuani, na huku chini Mama bado hachoki.

Zaina alikua, akaolewa na Yusufu, kijana wa familia yenye shamba la michikichi pembeni mwa mji, kwenye njia ya kwenda Bugarama. Walikuwa ndugu wawili. Mkubwa, Hamisi, alikuwa fundi cherehani na mshairi wetu. Hapakuwa na harusi wala maziko yasiyo na beti za Hamisi. Mdogo, Yusufu, ndiye aliyebaki na shamba. Yeye alipanda na kukata vichane, Zaina akachemsha, akaponda, akakamua mawese. Alasiri alikuja darasani kwangu mikono ikiwa myekundu hadi kwenye viwiko.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji. Siwezi kuwaeleza wote, na wengine wenu mmesikia kwa bibi zenu zaidi ya mtakavyosikia kwangu. Nitasema tu kwamba hapa Rumonge hapakuwa na nyumba iliyobaki na watu wake wote. Wengine walivuka ziwa, wengine walichukuliwa, na wengine hatujui. Yusufu alitoka na baiskeli na madumu ya mawese kwenda Minago. Mmoja alisema amemwona akipanda mtumbwi wa kwenda ng'ambo. Mwingine alisema amemwona kwenye lori. Hakurudi. Na tulijifunza haraka kuzungumza bila majina. Tulisema "yule", tulisema "mwenzetu". Ukimtaja mtu aliyepotea, wewe ulikuwa umejitaja.

Miezi ikapita, darasa likafunguliwa tena, nusu ya mikeka tupu. Siku moja Hamisi akaja, kanzu nyeupe imenyooshwa kama kawaida yake, macho yamezama. Nilimheshimu, tena nilimpenda kama kaka yangu, na nataka mlijue hilo kabla sijaendelea. Alisema amechoka kungoja. Anataka hitima isomwe, Zaina aingie eda, mambo yawe na mwisho. Alikuwa ametunga shairi na aliomba kina mama wa darasa langu walijifunze, walisome siku ile mbele ya Shehe. Akanisomea pale pale:

Nchi imekaa eda, mume wake katoweka,
Machozi ndiyo ibada, mchikichi umechoka,
Hautozaa kwa muda, hadi siku kutimika,
Nawe mke shika ada, ndani kaa pumzika.

Nililia. Msiniulize kama lilikuwa shairi zuri. Lilikuwa zuri hata leo.

Lakini mnaelewa lilimwomba Zaina nini? Mke aliyefiwa hukaa eda ndani, miezi minne na siku kumi. Kukaa kwake kungekuwa kukubali mbele ya mji mzima kwamba Yusufu amekufa, na hakuna aliyekuwa ameona maiti wala kuleta habari. Na ngazi zilikuwa zimeiva. Kwa miezi hiyo zingeozea chini, na watoto wake watatu walikula mawese hayo, walivaa mawese hayo. Akitoka edani, kwa desturi ya ukoo, shamba lingekuwa limekwisha kuingia mkononi mwa Hamisi. Hamisi hakulitaja shamba hata kidogo. Nadhani hata yeye mwenyewe hakulitazama upande huo.

Nililipeleka darasani nikafanya kama Bi Salma alivyonifundisha, Zaina akiwa amekaa katikati yao. Tulisoma kwa sauti. Tukafunika majina, tukaacha vitenzi. Nchi, inakaa. Mchikichi, umechoka, hauzai. Mke, akae, apumzike.

Mama mmoja akasema, "Mu iyi shairi hakuna mutu anatumika. Wote banakaa." Kutumika, kwetu, ni kufanya kazi.

"Na watoto banakula nini?" akauliza mwingine.

Zaina alikuwa anasugua wekundu wa viganja vyake. Kisha akasema, "Monitrisi, mi nilikuwa Nchi mara moja. Unakumbuka? Nilianguka."

Nilikumbuka. Nikamuuliza anataka tufanye nini, tulikatae shairi? Akasema hapana, tulisome, tena tulisome vizuri, kila mtu asikie. Mwanamke anayekataa eda alikuwa anaitwa hana haya, na neno hilo likishakushika mjini hapa, hununui wala huuzi.

Ijumaa baada ya sala tukakusanyika barazani kwa Shehe. Alikuwa mzee wa watu waliotoka Kongo zamani, mpole, mwenye kukohoa kabla ya kila sentensi. Kina mama wakasoma ubeti wa Hamisi, wakausoma vizuri, wanaume wakafuta macho. Shehe akakohoa, akasema kitabu kinataka habari ya kifo ithibitike. Je, imethibitika?

"Shehe, habari iko kila pahali," Hamisi alisema. "Iko mu macho ya watu. Inchi yote iko mu matanga. Yeye peke yake njo atatoka inje?"

Nikamwona Shehe anayumba. Alikuwa amekwisha kuwakalisha edani wanawake wengi mwaka ule, na hakuwa na nguvu ya kubishana na msiba mwingine. Akamgeukia Zaina, akamuuliza ana neno.

Zaina alisimama, kanga ameifunga vizuri. Alimheshimu shemeji yake na alizungumza kwa heshima. "Shehe, mi naomba kitu kimoja tu. Shairi inasema muchikichi imechoka, haitazaa. Shamba haiko mbali. Tuende tuone."

Wanaume walinung'unika kwamba shairi halipimwi hivyo, na mimi, mwalimu wa mashairi, nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba kwangu hupimwa hivyo hivyo. Shehe akatafuta fimbo yake. Nadhani alifurahi kupewa jambo la kufanya na miguu. Tukaenda, Shehe mbele, Hamisi, Zaina, darasa langu zima na wazee wachache.

Mchikichi haukuwa umechoka, wanangu. Vichane vilikuwa vimejaa, vyekundu, vizito, vinaning'inia kwenye mashina kama vimeshonewa pale. Ngazi zilizoanguka zilikuwa zimetapakaa chini ya kila mti, nyingine zimeanza kuchacha, harufu yake tamu na kali inapanda puani. Lile shamba halikuwa na habari na msiba wetu. Mimi niliona uchungu, tena niliona kama limetukosea adabu, na papo hapo nikaona kwamba hicho ndicho shairi lilichokuwa likikataa. Hamisi hakuweza kustahimili kwamba miti inazaa na ndugu yake hayupo.

Alikuwa amesimama mbele ya mchikichi mmoja mnene. Hakuwa amekanyaga pale tangu mwaka ule uanze. Akaweka kiganja kwenye shina.

"Hii tulipanda na yeye," alisema. "Baba alitupatia kila mutu muche yake."

Nikamsogelea. Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua tangu siku aliponisomea, na nikamuuliza taratibu, si kwa kumkamata. "Kaka Hamisi, umeitaja nchi, umeutaja mchikichi, umemtaja mke wa ndugu yako. Mbona shairi zima halina jina la ndugu yako?"

Aligeuka kwanza akatazama njia nyuma yetu. Ninyi hamjui kutazama njia namna ile, na Mungu awazidishie. Njia ilikuwa tupu.

"Ningeliweka jina, ningelala wapi?" alisema. "Nani angenisikia ningesema mi njo ninalia? Mwanaume analia mwaka huu, banamuuliza analia nani." Akaligeukia shina tena. "Muchikichi haikuchoka. Mi njo nimechoka."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu, baada ya miaka yote ya ubao na chaki. Bi Salma alituambia tumtafute aliyesimama, na mimi siku zote nilimtafuta kwa hasira, nikidhani nitamkuta bwana mkubwa mwenye kalamu. Huyu hapa alikuwa mtu aliyeogopa. Alikuwa na kilio ambacho asingeweza kukibeba hadharani, akaitwika ardhi, akamtwika mke wa ndugu yake, kwa sababu hao tumezoea kuwatwika na hakuna anayewauliza. Kumhurumia si kumwachia. Mzigo ni ule ule, na ungemvunja Zaina mgongo vile vile. Mkisoma mashairi yenu na neno lenu refu, yashikeni yote mawili.

Zaina alikuwa amekwisha kuinama, anaokota ngazi kutia katika kapu la pale shambani. Aliongea bila kuinuka.

"Shemeji, basi kaa wewe. Ulie. Mi nitakuletea chakula, nitakuletea maji ya kunawa, na mutu hatakusema vibaya. Lakini usinikalishe mi ndani nikulilie wewe. Mi sijui kama bwana yangu amekufa. Siku nitajua, nitakaa. Hakuna mutu atanilazimisha, nitakaa mwenyewe."

Shehe alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya barazani ili wazee wote wasikie, kwamba hapa hakuna eda mpaka habari ije, na anayekula mawese ya shamba hili ni watoto wa mwenye shamba, na anayeyakamua ni mama yao. Mzee mmoja alifungua mdomo, Shehe akamtazama, akaufunga.

Mabega ya Hamisi yalikuwa yanatikisika, na hakuwa na cherehani wala ubeti wa kujifichia. Zaina akainuka, akamsogelea, kapu limejaa mbele yake.

"Mutaje," alimwambia. "Hapa iko sisi na miti. Mutaje mara moja."

Mimi niliogopa, nawaambia kweli, nikajikuta na mimi natazama njia.

"Yusufu," Hamisi akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti zaidi, "Yusufu, mutoto wa mama yangu."

"Mungu amrudishe, au amrehemu," akasema Shehe, na wote tukaitikia.

Zaina hakulia. Alisukuma kapu mbele kidogo. "Haya, Shemeji, shika upande huu. Ni nzito."

Hamisi, ambaye hakuwahi kubeba ngazi tangu awe fundi, alitazama kanzu yake nyeupe, akashika. Wakatembea hivyo, yeye upande wake na Zaina upande wake, mpaka kwenye pipa la kuchemshia, na njia nzima kapu likimgonga Hamisi pajani. Ninyi mnajua mawese. Mnajua doa lile halitoki, ufue na sabuni gani. Aliivaa kanzu ile kila Ijumaa mpaka alipofariki.